Kilomita 175 za Bukoba–Mwanza: dakika 29 angani, saa sita njiani

Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia ujumbe usiku: "Nimeangalia mtandaoni, Bukoba–Mwanza ni kilomita 175, kwa ndege dakika 13. Mama ana kliniki hospitali ya Bugando, Mwanza, saa nne asubuhi. Mkatie tiketi ya asubuhi hiyohiyo."

Mama yake ni shangazi yangu. Ana miaka 71, moyo umepanuka, na miguu inamvimba akikaa muda mrefu bila kunyanyuka. Karatasi ya rufaa aliyopewa hospitali ya huku Kagera ilisema tarehe na saa, na tarehe ile ikipita, kupata nyingine ni kusubiri tena. Kwa hiyo swali la binamu, ingawa lilionekana dogo, lilikuwa na uzito: akiondoka asubuhi ile, atawahi?

Nilimjibu kwamba hatawahi, au atawahi kwa bahati, na mgonjwa wa moyo hasafirishwi kwa bahati. Hakuridhika. Akasema namba iko wazi, dakika 13, hata nikizidisha mara tatu haifiki saa moja. Ndiyo maana nimeamua kukiandika kisa hiki chote, maana najua si yeye peke yake anayepanga safari za wazee kwa namba ya aina hiyo.

Kilomita 175 zinatoka wapi

Umbali wenyewe ni sahihi, na unaweza kuuhesabu mwenyewe kwa kalamu. Kiwanja cha Bukoba kiko nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Cha Mwanza kiko nyuzi 2 na dakika 27 kusini, nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Toa (dakika hizi ni za nyuzi, si za saa; nyuzi moja ina dakika 60): kwenda kusini ni dakika 67, kwenda mashariki ni dakika 67 pia. Karibu na ikweta kama tulivyo sisi, dakika moja ya nyuzi ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, upande wowote uendao. Basi una pembetatu yenye pande mbili za maili 67, na mshazari wake ni maili 95 hivi. Hizo ni kilomita 175.

Angalia jambo moja hapo. Pande mbili zikilingana, njia inakwenda kusini-mashariki barabara, bila kuegemea huku wala kule. Na barabara ya kurukia ya Bukoba imelala karibu mwelekeo huohuo, ncha moja ikitazama mjini na vilimani, ncha nyingine ikitazama ziwa. Ya Mwanza nayo imelala karibu vivyo hivyo. Ndege ikiruka Bukoba kuelekea majini, tayari pua yake inaitazama Mwanza. Sijui kama kuna viwanja viwili vingine nchini vilivyotazamana hivi, na kila nikiliona jambo hili kwenye ramani linanifurahisha.

Kwa barabara hali ni nyingine kabisa. Ziwa limekaa katikati, kwa hiyo gari linashuka Muleba, linapita Chato, Geita, Sengerema, ndipo livuke Busisi kwenda Kigongo. Ni zaidi ya kilomita 400. Zamani ulifika Busisi ukasubiri kivuko, na kusubiri huko kuliweza kula saa nzima au zaidi. Tangu daraja la JPM lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita moja kwa moja. Daraja limetuondolea adha kubwa. Lakini basi likitoka Bukoba alfajiri bado linakufikisha mchana, na umekaa kitini saa saba, nane. Meli nayo ni usiku mzima.

Kuna umbali wa tatu ambao watu hawautegemei. Nilipofungua programu ya tiketi kutafuta safari ya tarehe tuliyotaka, jibu la kwanza lililoletwa lilikuwa Bukoba–Dar es Salaam, halafu Dar es Salaam–Mwanza. Mashine haina kosa, ilitafuta viti vilivyokuwa wazi ikaunganisha. Bukoba hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,020, na Dar hadi Mwanza kama 850. Mgonjwa angesafirishwa karibu kilomita 1,870, akae na masaa ya kusubiri katikati, ili avuke kilomita 175. Mtu asiyesoma vizuri safu ya "vituo" anaweza kulipia hiyo safari kwa moyo mweupe kabisa.

Dakika 13 ni za ndege ipi?

Gawanya 175 kwa 800, zidisha kwa 60: dakika 13. Basi programu aliyoiangalia binamu ilichukua mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ambao ni mwendo wa jeti ikiwa imeshapanda juu na kutulia. Kwenye safari ya kilomita 175 hakuna jeti inayotulia. Inapanda, na kabla haijamaliza kupanda rubani ameanza kufikiria kushuka.

Halafu hiyo jeti inatua wapi Bukoba? Barabara ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.3 hivi, wakati ya Mwanza inazidi kilomita 3. Jeti za abiria zinazotua Mwanza kila siku haziwezi kutua Bukoba. Zinazokuja kwetu ni zile tunazoziita panga boi, yaani za mapangaboi mawili makubwa, na vindege vya injini moja vya abiria kumi na kitu.

Kwa hiyo hesabu inatakiwa irudiwe kwa ndege zilizopo. Panga boi ya aina ya ATR huenda kama kilomita 500 kwa saa ikiwa juu. Kilomita 175 kwa mwendo huo ni dakika 21. Dash 8 Q400 ina kasi zaidi, kama 660, na kwa karatasi ni dakika 16. Kindege cha Caravan huenda kama 340, kwa hiyo ni dakika 31. Kisha ongeza dakika za kupanda na kushuka, ambapo ndege haiko kwenye mwendo wake kamili, na za kujipanga kutua. Panga boi inakuwa dakika 25 mpaka 30 kutoka magurudumu kuachana na lami mpaka kuigusa tena. Caravan inakuwa 35 mpaka 40.

Umeona tofauti kati ya ndege ya kasi na ya polepole ni ndogo? Dakika kumi tu. Safari ikiwa fupi, kasi ya ndege haina nguvu tena, maana muda mwingi unaliwa na mambo ambayo hayategemei kasi.

Programu nyingine niliyoijaribu ilisema dakika 43. Hiyo ilichukua zilezile 13 za jeti ikajumlisha nusu saa ya kuruka na kutua. Msingi wake si wa kweli kwa Bukoba, lakini jibu lake liko karibu zaidi na ukweli. Ukilazimika kuchagua namba moja ya mtandaoni, chagua inayoongeza nusu saa.

Kwa shangazi mimi sikuangalia dakika peke yake. Kindege cha injini moja hakina presha ya hewa ndani. Kikipaa futi 9,000 au 10,000, abiria naye anavuta hewa nyembamba ya futi hizohizo. Panga boi kubwa zimefungwa, hewa ya ndani inaongezwa, mgonjwa anahisi kama yuko mahali pa chini zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo nusu saa si kitu. Kwa moyo uliopanuka nilitaka daktari aseme. Tulimuuliza yule aliyeandika rufaa, akasema apande kubwa, akae dirishani au njiani atakavyo lakini anyooshe miguu, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye begi la kupakiwa.

Asubuhi ya ziwa

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikatae asubuhi.

Usiku, maji ya Ziwa Victoria yanabaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa. Upepo unatoka pande zote za nchi kuelekea ziwani, unakutana huko katikati, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, na radi zinapiga juu ya maji mpaka alfajiri. Upepo wa mashariki unayasukuma mawingu hayo magharibi, na magharibi ndiko tuliko sisi. Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha asubuhi. Kila aliyekulia Bukoba anaijua mvua ya kuamkia, ile inayokuzuia kutoka mpaka saa nne. Mchana mambo yanageuka: ziwa linatulia, mawingu yanahamia nchi kavu.

Kiwanja chetu nakijua kama kiwanja cha mchana, ambacho rubani anatua kwa kukiona kwa macho yake. Wingu likikaa juu ya barabara ya kurukia, ndege inasubiri hewani, ikishindwa inakwenda kutua Mwanza. Nimekaa pale mara nyingi nikiisikia ndege juu ya mawingu bila kuiona, watu wote wamesimama dirishani kimya.

Kimya hicho kina sababu. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inakuja kutua Bukoba kwa upande wa ziwani, ikaangukia majini kabla haijaifikia barabara. Ndani walikuwamo watu 43, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Na kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka huku kupitia Kemondo ilizama ikiwa imeikaribia Mwanza, na mamia ya watu wetu hawakurudi. Karibu kila ukoo wa Kagera una jina la kutaja hapo. Ndiyo maana mtu akiniambia ni dakika 13 tu, sikasiriki, lakini siwezi kulichukulia ziwa hili kama nafasi tupu kati ya nukta mbili.

Shangazi mwenyewe hapandi meli tangu mwaka ule. Nilipomweleza mpango wa ndege ya mchana wa siku iliyotangulia, alale Mwanza, aliuliza jambo moja tu.

"Tutaona chini?"

"Mchana kukiwa kweupe tutaona, shangazi."

"Basi twende mchana, mwanangu. Nataka nione ninapopita."

Tiketi tuliyoipata iliandikwa 14:50. Hapa nilichukua kalamu nikaandika pembeni kwa wino: saa nane na dakika hamsini mchana. Msidharau jambo hili. Mzee akisoma 14:50 anaweza kuelewa chochote, na kijana akimsomea kwa haraka "saa kumi na nne" anamchanganya zaidi. Zile za asubuhi ni mbaya kuliko hizi, maana 09:10 inasomeka saa tisa na dakika kumi bila mtu kushtuka, na ndege imeshaondoka tangu saa tatu.

Siku yenyewe

Nilikuwa na saa mkononi na daftari, nikaandika kila kitu.

Saa tano kamili asubuhi tulitoka nyumbani, nje kidogo ya mji, kwa teksi. Mvua ilikuwa imekatika kama saa moja nyuma, matone bado yanaanguka kwenye migomba. Tulipitia duka la dawa, tukapitia kwa mjomba kuaga, kwa sababu kwetu mgonjwa haondoki bila kuaga. Saa sita na dakika ishirini tukawa kiwanjani. Kiwanja cha Bukoba kiko mjini hasa, pembeni ya ziwa. Mwenye nafasi anaweza kwenda kwa miguu kutoka sokoni.

Kwenye mizani palikuwa na foleni. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu, na ndoo ya senene waliokaangwa, kifuniko kimezungushiwa gundi ya karatasi. Mkungu ukawekwa, kijana wa mizani akasoma, akatikisa kichwa. Mama akakata vichana viwili kwa kisu alichokiazima, akampa aliyemsindikiza, mkungu ukarudishwa kwenye mizani. Watu hudhani ni ukorofi. Sivyo: barabara ni fupi, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ndege inahitaji mwendo mrefu zaidi kuinuka, na barabara hairefuki. Kwa hiyo kila kilo inahesabiwa, yako na ya ndizi zako.

Saa nane na dakika hamsini ikafika, ndege haijaonekana. Ilikuwa imechelewa kutoka Dar. Hili nalo binamu hakuliwazia: panga boi inayokuja Bukoba haiishi Bukoba. Imeanza kazi alfajiri mahali pengine, imepita viwanja viwili au vitatu, na kila ilipochelewa dakika kumi imetuletea sisi hizo kumi. Shangazi alinyanyuka, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, kama alivyoagizwa, mara sita.

Mlango ulifungwa saa tisa na dakika 34. Kuchelewa peke yake kumeshaizidi safari nzima ya angani. Magurudumu yaliachana na lami saa tisa na dakika 41, maji yakaja chini yetu hapohapo, Kisiwa cha Musira kikaachwa nyuma. Nilimkalisha dirishani upande wa kulia. Ukienda Mwanza, upande huo ndio unaotazama kusini, na kwa mbali unaona visiwa vya Maisome na Kome kama migongo ya viboko. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Katikati kabisa, dakika kama kumi hivi, kulikuwa na maji tu, na mtumbwi mmoja wenye tanga ulioonekana mdogo kama punje ya mchele. Shangazi alikuwa akitembeza rozari yake vidoleni, bila sauti.

Kufika Mwanza, ndege haikuingia moja kwa moja. Mchana upepo wa ziwa unavuma kwenda nchi kavu, na ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo ilipita pembeni, ikazunguka juu ya vilima vya mawe, ikaja kutua ikiwa inalitazama ziwa tulilotoka. Ile njia iliyonyooka niliyoisifu hapo juu siku hiyo haikutufaa mwishoni. Magurudumu yaligusa saa kumi na dakika kumi. Dakika 29.

Mlango ulifunguliwa saa kumi na robo. Kutoka mlango kufungwa mpaka kufunguliwa ni dakika 41, na huu ndio muda ambao kampuni huuandika kwenye ratiba, si ule wa hewani. Mabegi, kiti cha magurudumu ambacho tuliomba tangu Bukoba na kikapatikana, gari nje saa kumi na dakika arobaini. Kiwanja kiko Ilemela, kaskazini ya jiji kama kilomita kumi, na jioni magari ya Pasiansi na Kirumba hayaendi. Kwa ndugu tuliofikia tuliingia saa kumi na moja na robo.

Saa sita na robo, mlango kwa mlango. Za hewani ni dakika 29, hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Nilimtumia binamu ukurasa wa daftari kwa picha, ulivyo.

Alinipigia. Aliuliza swali zuri: kama basi ni saa nane na ndege ni saa sita na robo, kwa nini tumelipa nauli kubwa hivyo kwa kuokoa saa moja na kitu? Nikamwambia hatukununua muda. Kwenye basi mama yake angekaa amekunja miguu karibu safari nzima. Kwenye ndege alikaa chini ya saa moja. Kwingine kote alisimama, akatembea, akanyoosha miguu, akanywa maji kivulini. Usiku ule nilimvua viatu mwenyewe. Vifundo vilikuwa na alama ndogo tu ya soksi.

Kesho yake ilinyesha Bukoba tangu alfajiri. Mjomba alipiga simu kutuambia. Kama ndege ya asubuhi iliwahi au haikuwahi sikufuatilia. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshapanda kilima cha Bugando, shangazi kwenye benchi, karatasi ya rufaa mapajani, wa nne kwenye foleni.

Alipewa dawa mpya na tarehe ya miezi mitatu mbele. Kurudi tulimkatia ya mchana vilevile. Safari hii aliomba kiti cha kushoto, kwa kuwa visiwa sasa vingekuwa upande ule.